Namna ya kuandika ardhilhali Bungeni kudai posho ya mlezi

Mwanangu ana miaka 14 na ana mtindio wa ubongo. Saa nane za usiku naamka kumgeuza ubavu asipate vidonda, na saa kumi na moja tena. Tunapokea pesa za Inua Jamii, mpango wa Serikali wa msaada wa fedha, za watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Nashukuru, ila hizo ni za mtoto. Mimi niliyeacha biashara ya mahamri ili nimlee, sina fungu langu. Walezi wengi hapa Kenya tuko hivyo. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi, Bungeni, nasi tuitumie haki hiyo.

Anza na daftari. Kwa wiki moja andika kila unachofanya na muda wake: kulisha, kuogesha, kubadilisha nepi, kumnyoosha viungo. Mimi nilipojumlisha nilipata saa 77, yaani 11 kwa siku. Nikagawanya zile 2,000 kwa saa za mwezi mzima: shilingi 6 kwa saa! Mama mmoja jirani alinyamaza kimya nilipomwonyesha, kisha akaenda kuchukua kalamu. Ongeza nauli ya tuktuk ya kliniki na kipato ulichokiacha, na risiti zote uzitunze.

Ndipo uandike. Kiswahili kinakubaliwa sawa na Kiingereza, kwa mkono au kwa kuchapa. Ardhilhali yangu ya kwanza ilirudishwa kwa kuwa nilikata maneno mawili nikaandika juu yake. Kanuni haziruhusu, kwa hiyo ukikosea anza karatasi mpya. Kila ukurasa uonyeshe jambo linalohusika. Eleza mmeshaiendea ofisi gani na mlijibiwa nini, na kama kuna kesi mahakamani kuhusu suala hilo. Taja Kifungu cha 43, kinachoitaka Serikali kuwapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea.

Umalizie kwa ombi lenyewe, na hapa wengi huteleza. Ukiandika "tusaidieni" tu, mbunge hajui afanye nini. Sisi tuliomba posho ya mlezi itengwe na ile ya mtu mwenye ulemavu, na kiwango chake kipitiwe kila mwaka kufuatana na bei za vitu. Kila anayeunga mkono aandike jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi. Asiyejua kuandika atie dole gumba.

Ipeleke kwa Karani wa Bunge, au mbunge wenu aiwasilishe. Ifike Januari, maana taarifa ya sera ya bajeti hufikishwa Bungeni kabla ya Februari 15 kupita, na makadirio ya matumizi mwisho wa Aprili. Ukingoja Juni utakuta mafungu yameshagawanywa. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na baada ya wiki tatu piga simu uulize imepelekwa kamati gani.