Jinsi ya kuomba kibali cha kazi ya moto sehemu yenye petroli, thina na vimiminika vingine vinavyowaka

Ukitaka kuchomelea au kukata na grainda karibu na petroli, thina, asitoni au spiriti lazima uombe kibali cha kazi ya moto kwanza, na kinachoniumiza ni kwamba watu wengi wanajaza hio fomu wakiwa wamekaa ofisini, wanatiki kila kitu alafu wanampelekea supavaiza asaini. Jaza ukiwa umesimama pale pale kazi itakapofanyika.

Kabla ya fomu angalia watu wako. Fundi, mlinzi wa moto (yule anayekaa kuangalia cheche zisiwashe kitu) na mpimaji wa gesi wote wawe wameshapewa mafunzo, na mi naona somo la kwanza liwe hili, kinachoshika moto ni mvuke, sio kile kimiminika chenyewe. Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, dizeli mpaka ipate joto la kuzidi nyuzi 50, ndo maana mtu aliyezoea dizeli akihamia kwenye petroli bila kufundishwa ni hatari sana. Alafu huo mvuke ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unaingia kwenye mitaro na chemba, unaenda kukutana na cheche mbali kabisa na pipa.

Kwenye fomu andika kazi yenyewe, mahali hasa, saa ya kuanza na ya kumaliza, usiandike tu "matengenezo". Chukua karatasi ya usalama ya hio kemikali, ina sehemu 16, ya 5 inasema kizima moto gani kinafaa na ya 9 ina lile joto ambalo kimiminika kinaanza kutoa mvuke wa kuwaka, vyote viandike.

Baada ya hapo zunguka mita 11 kila upande, hamisha kinachoweza kuwaka, kisichohamishika kifunike na blanketi la moto, mitaro iziwe. Bomba linaloingia kwenye tangi usiliache limefungwa kwa valvu peke yake, valvu zinavuja, litenganishe au liwekewe bamba la kuliziba. Na pipa tupu usilichomelee kwa sababu tu ni tupu, jamani, lina mvuke umejaa ndani na hewa ya kuuwasha ipo, mpaka lisafishwe na lipimwe.

Kipimo cha gesi ndo moyo wa kibali. Mvuke wa petroli unawaka ukiwa kama asilimia 1.4 mpaka 7.6 ya hewa, lakini kifaa kinasoma asilimia ya kile kiwango cha chini cha kuwaka, yaani hiyo 1.4, kwa hiyo ukiona 10 kwenye kioo usidhani ni asilimia 10 ya hewa, ni sehemu moja ya kumi ya njia ya kufikia mlipuko. Ikifika 10 hamna kazi. Mi mwenyewe nataka nione sifuri. Kifaa kijaribiwe siku hiyo hiyo, pimeni karibu na sakafu na kwenye chemba, sio usawa wa kifua, andika namba na saa, na mkitoka kupumzika pimeni tena kabla hamjawasha.

Weka kizima moto cha poda au povu karibu, ndoo ya maji hapana, petroli inaelea juu ya maji na moto unasambaa.

Hapo ndo peleka kusainiwa. Anayeidhinisha aje aone kwa macho yake, we usijisainie mwenyewe hata kama una cheo. Kibali kinabandikwa pale kazini na ni cha shifti moja tu, muda ukiisha au hali ikibadilika unaomba kipya.

Kazi ikiisha mlinzi wa moto haondoki, abaki angalau dakika 30, saa nzima ni bora zaidi, akague na upande wa pili wa ukuta, alafu asaini na fomu irudishwe ifungwe.