Somo: Maktaba ndogo kununua majarida ya mtandaoni kwa pamoja, soma yote ndiyo uulize

Naandika hili kwa sababu tangu Ramadhani nimeulizwa jambo hilihili na wakutubi wenzangu kwa simu, kwa wasap, na hata juzi nikiwa sokoni hapa Malindi na samaki mkononi. Atakayeuliza tena nitamrejesha hapa.

Chuo chetu ni kidogo, wanafunzi wengi ni wa uuguzi, kilimo na uvuvi. Kama sisi tumeweza na nyinyi mtaweza.

Hatua ya 1. Usinunue unachopewa bure. Sajili maktaba yako Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa ada ndogo, humo mna Hinari ya afya iliyoanza 2002 na AGORA ya kilimo ya 2003. Nchi zimegawanywa makundi mawili, A halilipi na B hulipa ada ndogo, angalia kila mwaka uko wapi maana hubadilika. Halafu pita DOAJ kwa majarida yaliyo wazi kwa kila mtu na AJOL kwa majarida ya Afrika. Andika orodha ya ulichopata.

Hatua ya 2. Jiunge na muungano wa maktaba. Hapa Kenya ni KLISC, ulianza 2003, na una uhusiano na EIFL, shirika ambalo hujadiliana na wachapishaji kwa niaba ya miungano ya nchi nyingi. Watu huniuliza kwani tusiende wenyewe? Jarida si unga jamani, unga wa huyu ukipanda unanunua wa yule, lakini makala unayoitaka iko kwenye jarida moja tu duniani na mwenye nalo anajua, ukimwendea peke yako kutoka Malindi atakutajia bei na basi. Mkienda wengi anakaa kuzungumza, na yeye pia anapata, kwa sababu kumfungulia msomaji mmoja zaidi mtandaoni hakumgharimu karibu chochote, na vyuo ambavyo visingenunua maisha sasa vinalipa kidogo kidogo kwa invoisi moja.

Hatua ya 3. Hesabu wanafunzi, idadi ya kweli, si ile ya kwenye brosha.

Hatua ya 4. Omba majaribio ya mwezi mmoja, muhula ukiwa umefunguliwa, walimu wajaribu kwa mikono yao.

Hatua ya 5. LESENI, yaani mkataba wa matumizi. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hivyo soma polepole. Mara ya kwanza nilitia sahihi bila kuuliza jambo moja tu, siku tukiacha kulipa, yale tuliyokwisha kulipia yanabaki yetu? Nilizoea majarida ya karatasi, ukiacha kulipa mwaka huu ya mwaka jana yako kabatini na hakuna atakayekuja kuyachukua. Tukalipa miaka mitatu. Mwaka wa nne karo ikachelewa, tukasema tupumzike kidogo, na Januari ileile pakafungwa pote, ya mwaka ule na ya miaka mitatu ya nyuma. Kulikuwa na binti wa Mambrui anaandika mradi wake wa mwisho juu ya mikoko, ameshaandika vichwa vya makala kama ishirini kwenye daftari akijua atarudi kuzisoma. Alirudi hazipo. Nikawa nawapigia wenzangu wa vyuo vingine moja moja, tukapata karibu nusu. Uso wake sijausahau.

Sasa basi USITIE SAHIHI mpaka uone kwa maandishi kwamba miaka uliyolipia utaendelea kuisoma hata ukiacha, na nakala zimehifadhiwa mahali pengine mbali na mchapishaji, kama Portico, CLOCKSS au LOCKSS, ili kampuni ikifa zisife nayo. Na usichanganye kununua kwa mchapishaji na kununua databesi ya mkusanyaji, yule anayetia majarida ya watu tofauti kwenye kapu moja. Kapu hilo mara nyingi halina haki hiyo kabisa, jarida laweza kutolewa katikati ya mwaka, na kuna mengine toleo jipya hulioni mpaka ipite miezi 12. Angalia pia mgeni aliyeingia tu maktabani anaruhusiwa kusoma au la, unaweza kumtumia makala mkutubi mwenzako au la, bei ya mwakani isipande zaidi ya kiasi gani, na mwanafunzi mmoja akikosea msifungiwe chuo kizima. Muungano ndio unaojadili haya, lakini soma mwenyewe, wao hawakai kwenye dawati lako.

Hatua ya 6. Mtumie mchapishaji anwani za IP za chuo, yaani namba za intaneti yenu, kwa hizo ndipo anapowatambua na kuwafungulia.

Hatua ya 7. Lipa mapema. Majarida huenda Januari hadi Desemba na bajeti zetu nyingi Julai hadi Juni, na bei ni ya dola, shilingi ikianguka katikati hapo umepungukiwa. Tenga ziada.

Hatua ya 8. Fundisha watu kutumia, kisha chukua ripoti za COUNTER, zile za kuhesabu matumizi, gawanya bei kwa makala zilizofunguliwa ujue makala moja imekugharimu ngapi. Mkuu wa chuo haelewi lugha nyingine.

MASWALI

Chogo254: Bei ni ngapi?
Jibu: Hakuna bei moja. Hatua ya 2 na ya 3.

Chogo254: Hata kadirio tu?
Jibu: Nikikutajia ya kwetu utaenda nayo kwa bosi wako na itakuwa uongo. Hesabu wanafunzi kwanza.

MwanaKilifi: Nisaidieni paswedi ya chuo chochote nidanlodi majarida yote nihifadhi
Jibu: Hapana. Mtu akidanlodi maelfu kwa mpigo mchapishaji anakata chuo kizima, wanaoumia ni wanafunzi. Unatafuta makala gani? Itaje tukutafutie.

UmmSalma_Lamu: Asalaam aleikum mwalimu, ahsante sana. Bili ya muungano wanachama wanaigawanyaje? Sisi Lamu tuna wanafunzi mia mbili tu, twaogopa kulipa sawa na chuo kikuu.
Jibu: Waleikum salaam dada, swali zuri. Njia ni tatu. Kugawa sawasawa ni rahisi kuhesabu lakini mdogo anabebeshwa. Kwa idadi ya wanafunzi ni haki zaidi kwa nyinyi. Kwa matumizi, anayesoma zaidi analipa zaidi, ila ina ubaya, mkutubi anaogopa kuwahimiza watu wasome. Wengi huchanganya, ada ndogo sawa kwa wote halafu kinachobaki kwa idadi. Mkutano wa kugawa usikose, asiyekuwepo hupangiwa.

UmmSalma_Lamu: Na intaneti yetu ni ya modemu, IP yabadilika kila siku. Niliwatumia 192.168 wakaikataa.
Jibu: Hiyo ni ya ndani, nyumba nyingi duniani zinayo. Na kwenye laini ya simu mnagawana IP moja na wateja wengine wengi, mchapishaji hawezi kuikubali. Mwandikie mtoa huduma hivi: tunaomba IP ya umma isiyobadilika. Akishindwa, uliza muungano kuhusu proksi, kompyuta ya katikati inayowaombea makala kwa IP yake, msomaji anaingia kwa jina na paswedi yake popote alipo. Research4Life nao hutoa jina na paswedi, kwa hivyo anzeni huko leo.

Mkufunzi_Gede: Nyongeza kidogo, wekeni Unpaywall kwenye brauza, inawaonyesha kama makala iko bure mahali pengine kihalali. Na kumwandikia mwandishi mwenyewe hufaulu sana.
Jibu: Kweli kabisa mwalimu, ile nusu ya mikoko kuna mbili tulizipata hivyo.

UmmSalma_Lamu: Hiyo proksi yataka seva? Yetu imeliwa na chumvi ya bahari, ilikaa dirishani.
Jibu: Msinunue nyingine, ombeni muungano au chuo rafiki awawekee kwake. Na kompyuta zote ziondoeni dirishani dada, mzifunike usiku.