Kukokotoa mawimbi ndani ya fuwele ya fotoni yenye superkondakta

Fuwele ya fotoni ni tabaka za vitu viwili zinazojirudia, zinazopitisha mawimbi ya masafa fulani na kuzuia mengine. Hapa kitu kimoja ni superkondakta, yaani metali ambayo ikipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani. Huhitaji maabara yenye heliamu ya kupozea kuanza kazi hii. Kompyuta mpakato ya kawaida yenye Python na NumPy inatosha. Ukishapakua mara moja huhitaji bando tena, na umeme ukikatika betri inamaliza hesabu zote. Nawaandikia hasa wanafunzi wa fizikia wa pale Mlimani, na yeyote hapa Dar anayedhani mada hii ni ya watu wa mbali.

Tunajenga tabaka 5 za silikoni, kila moja mikromita 100, na filamu 6 za niobi za nanomita 20: moja kila mwisho, nyingine kati ya tabaka moja na jingine. Wimbi linatoka hewani na kuingia wima.

Hatua ya 1: anza na jotoridi

Niobi, ambayo ni metali, huwa superkondakta chini ya kelvini 9.2; kikomo hicho tukiite Tc. (Chumba chenye nyuzi 30 hapa mjini ni kelvini 303.) Filamu nyembamba hivi huwa na kikomo cha chini kidogo, ila kwa mazoezi twende na 9.2. Ndugu wawili, Fritz na Heinz London, walionyesha mwaka 1935 kwamba uga wa sumaku hupenya kina kidogo tu ndani ya superkondakta. Kina hicho (lam) hubadilika na jotoridi T, kwa kufuata wazo la Gorter na Casimir la 1934:

lam = lam0 / np.sqrt(1 - (T/Tc)**4)

Weka lam0, yaani kina kwenye kelvini 0, nanomita 85. Kwenye kelvini 4.2 utapata 87, kwenye kelvini 7 utapata 104. Zikokotoe kwanza kwa mkono, ndipo uiamini programu.

Hatua ya 2: pamitiviti ya niobi

eps = 1 - (c/(w*lam))**2
n = np.sqrt(eps + 0j)

Hapa eps ni pamitiviti, yaani jinsi niobi inavyoitikia uga wa umeme, n ni kipeo cha mpindo wa mawimbi, c ni kasi ya nuru, na w ni 2π mara masafa. Karibu na GHz 440, eps ni hasi, kama milioni moja na nusu. Ile 0j usiisahau: bila hiyo NumPy inakurudishia nan, yaani "si namba".

Kuna mpaka wa kuheshimu. Kwa niobi baridi, juu ya takriban GHz 700 fotoni ina nishati ya kuvunja jozi za elektroni, na fomula hii haielezi tena kinachotokea. Wapo wanaoipeleka hadi masafa ya nuru. Grafu inatoka safi, lakini si ya niobi.

Hatua ya 3: matrisi ya kila tabaka

def tabaka(n, d, w):
    b = w*n*d/c
    return np.array([[np.cos(b), -1j*np.sin(b)/n],
                     [-1j*n*np.sin(b), np.cos(b)]])

Hapa d ni unene wa tabaka. Silikoni ipe n = 3.4. Zidisha kwa mpangilio wa tabaka: filamu, silikoni, filamu, hadi mwisho. Jumlisha namba zote 4 za matrisi ya mwisho. t (herufi ndogo, si jotoridi T) ni 2 gawanya kwa jumla hiyo, na sehemu ya nguvu inayopita ni abs(t)**2.

Hatua ya 4: pitia masafa taratibu

Hapa ndipo wengi wanakwama. Pima kati ya GHz 425 na 445. Ukienda kwa hatua ya MHz 100 utaona karibu sifuri tupu, na utadhani umekosea. Vilele vipo, ila vina upana wa MHz chache tu. Tumia hatua ya MHz 0.1. Vitatokea 5, kimoja kwa kila tabaka la silikoni, na vyote vinatakiwa kukaribia 1. Visipofika, endelea kupunguza hatua kabla hujagusa fomula.

Hatua ya 5: badilisha jotoridi

Kwenye kelvini 4.2, ukanda unaopitisha mawimbi unaanzia karibu GHz 434 na kuishia karibu 441. Panda hadi kelvini 7: ukingo wa chini unashuka kati ya 431 na 432, wa juu haujongei. Ukingo wa juu unashikiliwa na silikoni, pale nusu ya urefu wa wimbi inapolingana na unene wa tabaka. Wa chini unashikiliwa na niobi, kwa hiyo jotoridi linausogeza.

Hatua ya 6: ongeza upotevu

Elektroni za kawaida bado zimo, kwa sehemu ya (T/Tc)**4. Ongeza kwenye eps:

1j*sigma*(T/Tc)**4/(eps0*w)

Hapa eps0 ni pamitiviti ya ombwe. Kwa sigma, yaani upitishaji umeme wa elektroni za kawaida, anza na 1e7 siemensi kwa mita. Vilele vitashuka sana. Kwenye kelvini 4.2 sehemu hiyo ni kama asilimia 4. Kwenye kelvini 7 ni asilimia 34, yaani palepale ukingo unaposogea zaidi ndipo mawimbi yanapopotea zaidi.