Jinsi ya kurekodi habari za wazee wetu wa Tanga wangali hai

Aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku ya Uhuru 1961 leo ana 80 na kitu. Hawa ndo walioiona Tanga ya mkonge, manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, wanashushwa kutoka bara, treni inapanda Korogwe mpaka Moshi, na hao hao ndo walikuwa mabalozi wa nyumba kumi, makatibu wa matawi ya chama cha TANU, mashehe, wazee wa kanisa, viongozi wa wavuvi, na kina mama walioshika vikundi vya ngoma na vyama vya kuzikana. Tukitoka makaburini tunasema mzee kaondoka na mengi, basi, tunarudi makwetu. Mimi naona inauma sana kwa sababu simu ya kurekodi kila mtu anayo mfukoni.

Kwanza usiende na simu. Siku ya kwanza nenda kusalimia tu, pitia kwa mtoto wake au mjukuu wake anayemuuguza, beba sukari na majani ya chai, shikamoo babu, marahaba mwanangu, kaa kibarazani muulizane hali na ukoo, maana mzee wa huku lazima ajue wewe mtoto wa nani kabla hajakuambia lolote. Hapo ndo umweleze unataka nini na habari zake zitakwenda wapi. Muulize na saa anayokuwa na nguvu, wengine asubuhi baada ya chai, wengine baada ya alasiri, ila ukienda saa za dawa au za kupumzika utaambulia ndiyo na hapana.

Sasa hapa kwenye maswali ndo watu wengi wanapoharibu. Ukimwambia "Babu tupe nasaha kwa vijana" atakupa hotuba, heshimuni wakubwa, fanyeni kazi, acheni starehe, na hiyo hotuba hata mimi naweza kukupa. Mzee aliyeongoza watu busara yake iko kwenye kesi alizozimaliza. Muulize ugomvi. Muulize mpaka wa shamba la minazi uliamuliwaje, mirathi iliyogombaniwa iliishaje, mwaka wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, foleni ya duka la kijiji aliipangaje mpaka watu wasipigane, nani alimkasirikia na walipatanaje.

Kwa mfano mzee aliyekuwa kiongozi wa wavuvi ukimuuliza uongozi ni nini atakuangalia tu. Muulize hivi: "Babu, mtu akimwibia mwenzake samaki kwenye dema mlikuwa mnajuaje?" Dema ni ule mtego wa samaki. Utamuona anakaa vizuri. Mmoja niliyemsikiliza aliomba kipande cha kamba, akaanza kunifungia fundo alilokuwa anafunga yeye kwenye mlango wa dema, anazungusha mara mbili anapitisha kwa chini, akasema kila mtu alikuwa na fundo lake na mwizi akifungua hawezi kulirudishia vilevile, kwa hiyo dema likitoka majini wanaangalia fundo kwanza kabla ya samaki. Na mwizi akijulikana hapigwi, anaitwa mbele ya baba yake na mjomba wake tu, wanakaa watatu, maana ukimwaibisha mbele ya pwani nzima kesho hana pa kushusha chombo na atakwenda kuiba kwingine. Hayo yote yametoka kwenye swali la samaki. Vidole kama vile piga video, sauti peke yake haitoshi.

Akinyamaza usimkimbilie na swali lingine. Kaa. Mara nyingi anatafuta jina la mtu, na likija jina linakuja na mengine kumi. Akihamia Kibondei, Kidigo au Kisambaa mwache aende nacho, usimrudishe kwenye Kiswahili, utamtafuta mjukuu wa kukufafanulia baadae. Akirudia habari aliyokuambia juzi nayo irekodi tena, mara ya pili huwa anaongeza.

Miaka wengi hawaikumbuki, usimbane na tarehe. Tumia nguzo anazozijua: kabla au baada ya Uhuru, Azimio la Arusha 1967 mashamba ya mkonge yalipotaifishwa, kuhamishiwa vijijini miaka ya 70, TANU na ASP ya Zanzibar kuungana kuwa CCM 1977, vita ya Kagera 1978 mpaka 1979, vyama vingi 1992. Au muulize mtoto wake wa kwanza alikuwa anatambaa au anakwenda shule, hapo mwaka unaupata wenyewe. Picha za zamani nazo zinasaidia mno, kadi ya chama, risiti ya ushirika, barua, vitandaze mkekani kimoja kimoja na kila picha ulize aliyesimama nyuma ni nani, halafu zipige picha hapohapo, usiondoke na karatasi ya mtu hata akikuruhusu.

Kina mama jamani tusiwasahau. Ukiuliza mtaani kiongozi ni nani utatajiwa wanaume watupu, lakini aliyekuwa anashika hela za kikundi, anayejua nani kazikwa na nani kwa mchango upi, ni bibi. Mpeleke mwanamke akamuulize, tena mambo ya unyago na ya ndani ni ya somo na mwari wake, kama bibi amesema hili liishie hapa basi zima simu kweli, usiifiche chini ya kanga inaendelea.

Upande wa mitambo ni mdogo. Weka simu mode ya ndege ili isiite katikati, ilaze juu ya kitambaa karibu na mdomo wake kama shubiri mbili, zima feni na tv, sogeeni mbali na barabara ya bodaboda. Anza kwa kutamka tarehe, mtaa, jina lake na lako, na yeye atamke kwa mdomo wake kama amekubali na nani asikilize. Hii ni adabu na pia tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Habari za ardhi zinazogombaniwa au za mtu aliye hai ziweke pembeni mpaka muulizane na familia.

Saa 1 ya sauti kwa mp3 ya kawaida ni kama MB 60 tu, kwa hiyo usifute ya asili hata ukishaikata. Faili lipe jina la mwaka, mwezi, tarehe na mtaa, sio "rekodi mpya 14". Weka nakala 3: simu au kompyuta, fleshi, na moja nyumba nyingine kabisa au kwenye gugo draivu. Video ukiirusha whatsapp kawaida inabanwa inakuwa mbovu, itume kama dokyumenti.

Kuandika kunachosha, saa 1 inaweza kula saa 4 hadi 6, gawaneni na vijana wa shule. Andikeni alivyosema, kama kasema "nshakwambia" isigeuke "nimekwisha kukuambia". Halafu rudi umsomee. Atakusahihisha majina, atasema hili ondoa, liondoe. Nakala ya kwanza ni ya nyumbani kwake, yenye sauti, kwenye fleshi au memori kadi ya kuchomeka kwenye redio ndogo maana wengi hawana simu kubwa, zinazofuata peleka shule ya mtaa, msikitini au kanisani kwake, na maktaba ya mkoa kama familia imeridhia.

Ukiwa na orodha ya wazee watano, anza na yule ambaye sauti yake imeanza kufifia.