Isopodi kwenye mboji: waingizwe lundo likishapoa

Geuza kipande cha shina la mgomba lililooza, utawaona: vidudu vya kijivu vyenye miguu 14, wakikimbilia gizani. Ukimwona mmoja aliye nusu mweupe, usidhani anaumwa. Anajivua gamba, nyuma kwanza, mbele baadaye. Hao ndio isopodi, jamaa za kaa walioishia nchi kavu huku wakiendelea kupumua kwa viungo vinavyotaka unyevu. Anayesahau hilo hawafugi muda mrefu.

Wanatafuna majani makavu, mabua na mbao zilizooza. Kinyesi chao ni punje ndogo ambazo bakteria na kuvu huzivunja haraka, na udongo ukanufaika. Ila hawaongezi rutuba isiyokuwemo kwenye takataka zenyewe, kwa hiyo samadi bado inahitajika.

Jenga lundo kivulini, upana mita 1.5, kimo mita 1: madebe matatu ya majani makavu kwa debe moja la majani mabichi na samadi. Lundo jipya huweza kupita nyuzi 55 za joto. Hilo ni zuri kwa kuua mbegu za magugu, lakini isopodi nao hufa. Chomeka fito hadi katikati, uichomoe baada ya dakika 10. Ikiunguza kiganja, subiri. Likishapoa, weka isopodi 100 hadi 200 pembeni, chini ya majani makavu ya mgomba, na uwanyunyizie maganda ya mayai yaliyosagwa, maana gamba lao linajengwa kwa chokaa.

Kamua mboji mkononi: matone mawili matatu yanatosha. Ikichuruzika, hewa imekwisha ndani, ikipukutika, watakauka. Kinyesi kibichi cha kuku kisiwaguse, amonia yake huwaua.

Wakusanye shambani mwako. Tafadhali usilete vipande vya migomba kutoka kwingine: vinabeba fukusi na mnyauko wa bakteria, ugonjwa uliotambuliwa Uganda mwaka 2001 na ulioangusha mashamba mengi ya matoke.

Wakizidi na majani makavu yakaisha, hugeukia miche laini ya kabichi na nyanya. Weka matandazo sentimita 10 kutoka kwenye shina la mche. Kitaluni, laza jioni kipande cha mgomba wako usio na ugonjwa, upande uliokatwa ukitazama chini. Alfajiri kiinue, uwakung'utie lundoni.