Somo: Kusoma vifaa vya uchawi vinavyogusa alama za uwezo katika Dungeons & Dragons

Somo hili linafuata vitabu vya 2014 vya toleo la tano la mchezo huu wa mezani, ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake. Meza inayotumia marekebisho ya 2024 ifungue vitabu vyake kabla ya kukata shauri. Na aliyezoea toleo la tatu aweke kando anayoyakumbuka: kule glavu za nguvu za zimwi ziliongeza 2 kwenye Nguvu, huku zinafanya jambo jingine kabisa. Ugomvi mwingi wa mezani huanzia hapo.

Hatua ya 1: Andika namba mbili

Kila uwezo wa mhusika (kama Nguvu, Akili au Ustahimilivu) ulioguswa na kifaa uwe na alama ya asili kwa wino na alama ya sasa kwa penseli. Modifaya, ile namba unayojumlisha kwenye dadu, hutoka kwenye alama ya sasa: toa 10, gawa kwa 2, nusu ikibaki shusha chini. Nguvu 8 inatoa −1, Nguvu 19 inatoa +4. Ukifuta ile ya asili, siku glavu zikiibwa utabaki kukisia.

Hatua ya 2: Tafuta kitenzi

Jina la kifaa halikuambii kitu. Soma sentensi ya maelezo, uangalie inasema nini hasa.

*"Alama yako ni 19."* Hivi ndivyo zilivyo glavu za zimwi kwa Nguvu, utepe wa akili kwa Akili, na hirizi ya afya kwa Ustahimilivu. Mikanda ya majitu ni ukoo huohuo: jitu la vilima 21, la mawe au la barafu 23, la moto 25, la mawingu 27, la tufani 29. Hakuna kujumlisha. Mwenye Nguvu 8 na mwenye 17 wakivaa glavu, wote wanasoma 19. Aliyefika 19 mwenyewe hapati chochote. Ndiyo maana kumpa glavu mpiganaji mwenye Nguvu 18 ni kuzipoteza: modifaya yake ilikuwa +4 na inabaki +4, ameongeza uwezo wa kubeba pauni 15 tu. Kasisi wa mstari wa mbele mwenye Nguvu 10 anaruka kutoka 0 hadi +4. Mpeni yeye.

*"Huongezeka kwa 2, mwisho 20."* Mkanda wa vibete kwa Ustahimilivu, na baadhi ya mawe ya Ioun, yale ya uchawi yanayozunguka kichwani. Mwenye 19 anapata 1 tu, mwenye 20 hapati kitu.

*"Huongezeka kwa 2, na kikomo chake pia."* Hivi ni vitabu vya kusomwa kwa saa 48 ndani ya siku zisizozidi 6. Hapa alama ya asili yenyewe imebadilika, kwa hiyo tumia wino. Kitabu kikishasomwa hupoteza uchawi wake kwa miaka 100.

Hatua ya 3: Hakikisha fungamano

Vifaa karibu vyote vilivyotajwa hapo juu vinahitaji mhusika afungamane navyo, yaani ajiunge navyo kichawi ndipo vimfanyie kazi; vitabu havihitaji. Fungamano huchukua mapumziko mafupi ya kukishika kifaa na kukizingatia, na yasiwe mapumziko yaleyale yaliyotumika kuchunguza kifaa kinafanya nini. Mwisho ni vifaa 3 kwa mhusika. Fungamano hukatika kifaa kikiwa mbali zaidi ya futi 100 kwa saa 24, mhusika akifa, mwingine akifungamana nacho, au mwenyewe akiamua kukiacha kwa mapumziko mafupi mengine.

Hatua ya 4: Panga hesabu

Anza na alama ya asili, vitabu vikiwemo. Ongeza vile vya "+2, mwisho 20". Kisha angalia kifaa cha "ni": kikiwa kikubwa kuliko ulichopata, andika cha kifaa. Mpangilio huu ni usomaji wangu, na nauona wa haki, maana sentensi inayosema "ni 19" haiachi nafasi ya mtu kuja kuongeza juu yake. Mhusika mwenye Ustahimilivu 16, jiwe la Ioun na hirizi ya afya: 16 na 2 ni 18, hirizi inasema 19, basi ni 19.

Hatua ya 5: Fuata namba zinazotegemea

Ustahimilivu ndio unaowakosesha wengi. Mhusika wa ngazi ya 7 mwenye 13 akivaa hirizi, modifaya inatoka +1 hadi +4. Tofauti ya 3 mara ngazi 7 ni 21: kikomo cha pointi za uhai kinapanda kwa 21. Pointi alizonazo hazipandi, lazima atibiwe. Akivua, kikomo kinashuka kwa 21, na pointi zake zinapunguzwa pale tu zinapozidi kikomo kipya. Kosa la kila siku ni kukata 21 kwenye pointi zilizopo. Majeruhi anaangushwa bila sababu.

Kwa Akili, mchawi hubadilisha ugumu wa kukwepa uchawi wake (8 jumlisha bonasi ya ustadi na modifaya). Stadi mpya hazipati.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, glavu na mkanda wa jitu la vilima nikivaa pamoja?
Nguvu ni 21, na umetumia nafasi mbili za fungamano. Isipokuwa una nyundo ya radi: yenyewe inadai uvae vyote viwili ndipo ufungamane nayo, na ukiishika inaongeza 4 juu, mwisho 30. Hapo 21 inakuwa 25. Mwenye mkanda wa tufani anaishia 30, si 33. Maelezo yake yanaruhusu waziwazi kupita 20, ndiyo maana nyundo inatoka nje ya mpangilio wa hatua ya 4. Nafasi zako zote tatu zimekwisha.

Nimefika ngazi ya 4 nikiwa na glavu. Ile +2 ya alama ya uwezo inayokuja na ngazi hiyo naiweka kwenye 19?
Hapana ndugu. Inaingia kwenye alama ya asili. Asili ikiwa 12 inakuwa 14, na ukivaa glavu bado unasoma 19. Iweke kwenye uwezo mwingine.

Yule adui aitwaye Kivuli akininyonya Nguvu nikiwa na glavu?
Shambulio lake hupunguza alama kwa dadu ya pande 4, ikifika 0 unakufa. Ningepunguza ya asili: glavu zinaendelea kukupa 19, lakini asili ikifika 0 umekufa. Mwongoza mchezo aliseme hilo kabla ya pambano, si baada ya maiti.

Nina Nguvu 8, glavu na deraya ya mabamba. Nikiingia ndani ya uwanja wa kuzuia uchawi?
Uwanja huo una nusu kipenyo cha futi 10. Ukiwa ndani, glavu zinalala na unarudi 8. Deraya hiyo inadai Nguvu 15, kwa hiyo mwendo unapungua futi 10. Fungamano halikatiki, ukitoka unasoma 19 palepale.