Kulainisha choo ukiwa na mchaniko wa njia ya haja kubwa

Mchaniko hauponi choo kikiwa bado kigumu, hata upake dawa gani. Kinyesi kigumu kinatonesha jeraha, msuli wa njia ya haja unajikaza kwa maumivu, nawe unaogopa kwenda chooni. Ukijizuia, utumbo unazidi kufyonza maji na kinachobaki kinakuwa kigumu zaidi.

Hatua ya 1: lainisha, usiharishe. Hapa Tanga wengi hukimbilia sanamaki au haluli, dawa za kuharisha. Tumbo husokota, na kuharisha nako hutonesha jeraha. Duka la dawa ulizia laktulosi, dawa ya maji tamu: mtu mzima huanza na mililita 15 asubuhi na 15 jioni. Huvuta maji yaingie utumboni, na huchukua hata siku 2 kufanya kazi. Usiongeze kipimo usiku ule ule. Choo kikiwa chepesi mno, punguza. Kwa mjamzito, mtoto au mwenye kisukari, muulize daktari kwanza. Usipige bomba la kuingiza maji kwa nyuma: ncha yake hupita juu ya jeraha lenyewe.

Hatua ya 2: nyuzinyuzi gramu 25 hadi 30 kwa siku, ukipanda taratibu kwa wiki moja au mbili, la sivyo tumbo litajaa gesi. Kikombe cha kunde zilizopikwa kina gramu 11 hivi. Ongeza dona, mchicha, papai, na machungwa ya Muheza uyale na nyama zake, si juisi iliyochujwa. Kunywa maji lita 2, isipokuwa daktari amekupunguzia. Nyuzinyuzi bila maji huzidisha kufunga choo.

Hatua ya 3: chooni. Nenda mara tu unapobanwa. Baada ya chai ya asubuhi ndipo utumbo huamka. Paka kwanza mafuta ya mgando ukingoni, kiasi cha punje ya kunde. Choo cha kuchuchumaa kinafaa zaidi. Cha kukaa, weka kigoda miguuni magoti yapande juu ya nyonga. Usijikamue. Dakika 5 zikipita, inuka, utarudi baadaye.

Tawaza kwa maji bila sabuni, kausha kwa kugusisha kitambaa laini. Kisha kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Yapime kwa kiwiko. Chumvi na dawa za kuua vijidudu huchoma bure. Kinacholegeza msuli ni joto.

Matone ya damu nyekundu ni ya kawaida kwa mchaniko. Damu nyingi, choo cheusi, usaha, homa, au maumivu yaliyopita wiki 6 yanahitaji daktari. Tumbo likivimba, unatapika na hata upepo hautoki, usinywe dawa yoyote ya choo; nenda hospitali ya Bombo saa hiyo hiyo.